Mboga Juani, Mkwe Uani

Jumanne, 11 Desemba 1984

Kunde zimekubali. Baada ya kula mahindi ya njano ya msaada miezi yote ile ya njaa, sasa majani ni mengi mpaka nashindwa. Nimeyatumbukiza kwa maji moto ya chumvi, nikaanika juu ya magunia. Yakikauka vizuri tutakula mpaka Agosti. Yakinyeshewa yataoza, na hatuna kingine.

Binti yangu Nthenya amenisaidia. Wiki imepita tangu atoke kwa bwana yake huko Tawa. Alipigwa? Hapana. Alilala njaa? Hapana. Anasema nimechoka, mwaitu, yaani mama — basi, hiyo tu. Kuchoka na nini? Kichwa kinanizunguka.

Alhamisi, 13 Desemba

Jirani yangu Syokau anasema nimrudishe, ati ndoa haivunjwi na kuchoka. Mzee wa kanisa anasema tuombe. Nimeomba. Sijaambiwa kitu. Nimekata embe, nimeanika juu ya gunia lingine. Nzi wengi.

Jumamosi, 15 Desemba

Makubwa haya. Nthenya ameenda kisimani, mimi niko stoo — na nani anaingia uani? Mulei, mkwe wangu! Ameketi karibu na mlango. Mama mkwe na mkwe hatuonani uso kwa uso, hiyo ndiyo heshima yetu Wakamba, na stoo ina mlango mmoja. Nimekohoa ajue niko ndani. Akageuka akaangalia mlima. Kuondoka hataki. Afadhali daftari nalificha humu, angalau naandika.

Wingu limekuwa jeusi. Mboga zangu, woi! Nitoke nituaibishe wote wawili, ama nikae zioze?

Inanyesha. Mulei amevua koti akafunika embe, anazoa kunde kwa ungo. Ameusukuma ungo ndani kwa mkono tu, uso ameugeuza. Kisha, kwa kuwa hawezi kusema na mimi, akamwambia mbuzi wangu: mwambie mwaitu kunde zimepona. Akaongeza: mwambie pia amuulize Nthenya nilimkosea nini, kwa sababu mimi sijui.

Kumbe hata yeye! Na mimi nilifikiri yeye ndiye anajua.

Nimemjibu mbuzi pia: mwambie huku nako hatujui.

Nachungulia kwa ufa. Nthenya amefika, ametua mtungi. Hajamsalimu. Amekamata gunia la embe upande wake, bwana yake amekamata kule, wanavuta. Wanabeba pamoja, ama wananyang'anyana? Kwa ufa huu siwezi kujua, na kutoka siwezi.