Ndiritu, Kocha na Saa ya Kukamua

Jumapili jioni. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Ni ile baridi ya Julai ya huku Tetu inayoingia hadi kwenye mifupa, na nguo nilizoanika juzi bado zinadondosha maji. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo.

Tumefungwa tena. Mbili bila.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Shiru, nina hoteli ndogo ya chai na chapati hapa sokoni Giakanja, na kila mechi ikiisha mashabiki huja kwangu kuicheza upya. Kocha wa timu yetu ni mume wangu. Ndiritu, yule mshambuliaji ambaye jina lake halikauki midomoni mwa watu, ni mdogo wangu, kitindamimba wa mama. Kwa hiyo wakiwachambua hao wawili, wanaichambua familia yangu, na mimi ndiye ninayewamiminia chai.

Leo walijaa hadi mlangoni. Ndiritu alianzia benchi kwa sababu Alhamisi hakuonekana mazoezini, na Jumanne aliondoka kabla wenzake hawajapata jasho. Aliingizwa kipindi cha pili tukiwa tumeshafungwa yote mawili. Akagonga mwamba, akamfokea beki wetu mwenyewe, na filimbi ya mwisho ilipolia akaenda zake bila kumpa kocha mkono, viatu vya mpira vikiwa bado miguuni. Hiyo ya mkono ndiyo iliyowachoma watu. Mwamba hakuna aliyeutaja.

Mama Njoki, anayeuza nyanya kando yangu na ambaye hajawahi kukosa mechi, alijaribu. Aliuliza ingekuwaje kama Ndiritu angeanza tangu mwanzo. Wakamrukia wote kwa pamoja. Mmoja akasema sifa zimemharibu, mwingine akasema tangu ile timu ya Nairobi imwite majaribio na kumrudisha, amekuwa hasalimii watu. Kisha Gatimu, fundi wa pikipiki, akaweka kikombe chini.

"Huyo ako na madharau. Anakuja saa yenye anataka, anaenda saa yenye anataka. Hii timu si ya mama yake."

Watu wakacheka. Mimi nikageukia sufuria yangu.

Maana mimi najua anakokwenda. Mama aliteleza zizini akavunjika mkono wa kulia, na sasa umefungwa plasta. Ana ng'ombe mmoja, Kanini, na Kanini hajawahi kukamuliwa na mtu mwingine ila mama. Jirani alipojaribu, Kanini aliyaficha maziwa yote hadi kiwele kikawa kigumu kama jiwe. Ndiritu akaona atapoteza ng'ombe. Akavaa ile sweta ya kijani ya mama, akajifunga kitambaa chake cha kichwa, akakalia kigoda chake, akaanza kuimba chinichini wimbo wa kanisani ambao mama huuimba akikamua. Kanini akageuka, akamnusa, akaachilia maziwa. Tangu siku hiyo, asubuhi na saa kumi na moja jioni, kabla gari la maziwa halijapita, mfungaji wetu bora anageuka kuwa mama.

Siku ya kwanza nilipomkuta nilicheka hadi nikashika nguzo. Yeye hakucheka. Alisema nikimwambia mtu yeyote, tumemalizana. Na ninamwelewa. Ninawajua mashabiki wa huku. Wangekuja uwanjani na vitambaa vichwani, wapinzani wangemwimbia wimbo wa Kanini hadi azeeke. Afadhali aitwe mwenye madharau.

Nami nilijaribu kumpokea kazi hiyo ili aende mazoezini. Nilivaa sweta ileile na kitambaa kilekile. Kanini alininusa mara moja tu, akaipiga ndoo teke. Mama akasema ni moshi. Ninanuka kuni za hoteli hadi kwenye nywele.

Basi nikarudi kwa chapati zangu.

Mume wangu alipoingia leo, watu walisimama kumpisha kiti. Wanamwita Profesa. Alivipanga vikombe vyangu mezani, bakuli la sukari likawa kipa, akawaonyesha pale tulipoachia mwanya. Walikuwa wakiitikia kwa vichwa kama wako kanisani. Gatimu akasema makocha kama huyu wangekuwa Nairobi kama si kupenda nyumbani.

Ninampenda mume wangu. Lakini hapa niandike lile nisiloweza kulisema pale mezani. Hajui kufundisha mpira. Mwaka ule tuliochukua kombe la wadi nilikuwa kando ya uwanja kila Jumapili, na nilisikia mbinu yake yote. Ilikuwa maneno mawili. Mpeni Ndiritu. Wakampa, akafunga, na sifa zikamwendea kocha. Tangu hapo amekuwa akizibeba, na hakuna anayemruhusu kuzitua. Usiku huwa anageukageuka kitandani, na ninajua ni kikosi anachokipanga kichwani kisichopangika.

Alipomaliza na vikombe, akasema polepole, "Siwezi endesha timu na mtu mmoja amejiweka juu ya wengine. Kamati itakaa kesho, hapa kwa Mama Shiru, saa kumi na moja. Akuje ajitetee. Asipokuja, tumtoe."

Saa kumi na moja.

Sikuona chai ikifurika kikombe hadi Mama Njoki aliponigusa mkono.

Walipotoka nilifunga mlango, nikamwambia mume wangu kila kitu, sweta, kitambaa, wimbo. Nilimvunjia Ndiritu siri yake nikijua ninaivunja. Nilidhani ataduwaa. Alikuwa akiifuta miwani yake kwa ncha ya shati, na hakuinua macho.

"Najua," akasema. "Nilimwona wiki iliyopita, nikipelekea mama unga."

Nikamwambia basi aibadilishe saa ya mkutano. Aisogeze mbele hata kwa saa mbili tu. Akaivaa miwani.

"Mama Shiru, nikisema najua, wataniuliza, kama si madharau yake, tunafungwa na nini. Nitawaambia nini?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka jibu. Kama ningekuwa na mume mbaya, leo ningejua la kufanya. Ningemfokea nikalala vizuri. Huyu wangu ameogopa tu, na katika kuogopa kwake ameichagua saa ambayo mdogo wangu hawezi kuja.

Nikisema ukweli kesho mbele ya kamati, nimemfanya Ndiritu kichekesho na mume wangu mwongo. Nikinyamaza, Ndiritu anatolewa kwenye kitu pekee anachokiamkia asubuhi akiwa na furaha. Nimelizungusha jambo hili tangu watoke na kila upande ninaoshika unakata.

Jioni hii nilipanda hadi kwa mama. Ndiritu alikuwa ameshamaliza kukamua, anaosha mkebe wa maziwa. Habari ya mkutano ilikuwa imemfikia kabla yangu.

"Wacha waamue," akasema.

Nilitaka kumwambia kocha anajua. Badala yake niliomba sweta. Alinitazama, akaivua, akanipa bila kuniuliza. Mama, akiwa jikoni na mkono wake kifuani, alisema tu kwamba nisiifue.

Nimeoga mara mbili. Nywele nimeziosha, nikazisuuza, nikaziosha tena. Sweta iko hapa kwenye mto, nitailalia usiku huu, na mume wangu ameiona akageukia ukutani.

Kesho sitawasha moto, nisije nikanuka moshi tena. Wateja wa asubuhi watakuta mlango umefungwa, na kamati ikija itakaa nje kwenye baridi. Najua watakaa tu. Watu wa huku hawaachi kikao kwa sababu ya kukosa chai. Najua pia kwamba hata Ndiritu akisimama mbele yao, huenda asifungue mdomo. Lakini angalau atakuwepo. Asubuhi nitampelekea Ndiritu sweta akamue, na saa kumi na moja jioni nitakuwa nimeivaa mimi kwenye kigoda cha mama, nikiimba chinichini wimbo wake.

Mke wa kocha, dada ya Ndiritu, mama wa chai. Sijui Kanini akininusa ataona mimi ni nani.