Siku Niliyoambiwa Mume Wangu Amekwisha

Awindiri, Arua
Ijumaa asubuhi, Agosti 1974

Mvua imekatika alfajiri. Sasa jua limewaka, migomba ya nyuma ya nyumba inang'aa utadhani imepakwa mafuta, na mimi nimekaa mlangoni, daftari mapajani. Ni asubuhi nzuri. Naiona kuwa ni nzuri. Basi, uzuri wenyewe umeishia hapo hapo machoni.

Nilitaka kuandika kwamba nina furaha. Sababu ninayo: Salim, mume wangu wa miezi mitano, amerudi jana kutoka kazini Lobule baada ya majuma matatu, mzima, na lile pengo lake la mbele anapocheka. Ametoka kidogo kwenda gereji, atarudi kuoga kabla ya sala ya Ijumaa. Mwanamke wa kurasa za nyuma za daftari hili angekuwa ameshajaza karatasi tatu kwa hilo tu.

Sisikii kitu moyoni.

Nimezisoma hizo kurasa. Siku tuliyopanda treni Mombasa nimeandika kwamba hata moshi wake ulinukia udi. Pale Pakwach, tuliposhinda juu ya mabegi tukingoja basi la Arua, nimeandika, "Laiti lisije kabisa, nikae hivi hivi, bega langu kwenye bega lake." Kampuni ilimleta Salim huku kwa miezi minane kuchimba visima upande wa Koboko, na mimi nikaiita fungate ya miezi minane. Mama alimwuliza Salim huku analia, "Wampeleka mwanangu Uganda, siku hizi?" Nami nikamwona mama hajui mapenzi.

Pembeni mwa ukurasa mmoja jina lake nimelizungushia maua, mara tisa. Leo nimeyatazama kama ninavyotazama vifungo vya shati la mtu nisiyemjua.

Niandike ya jana, kwa mpango, labda nitaelewa.

Saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, lori lilisimama nje. Nilikuwa nachambua mchele na kuuloweka. Alikuwa Candia, dereva anayebeba mabomba ya kazi ya Salim. Hakuzima injini, maana lori lile likizimwa haliwaki tena mpaka lisukumwe. Alikuja mbio, gunia kichwani, akaweka mlangoni begi la Salim na viatu vyake vya kazi, vimefungwa pamoja kwa kamba zake zenyewe.

"Pole, mama," akasema. "Bwana yako nakwisha."

Hapa lazima nieleze. Kiswahili cha huku si kama chetu. Ni Kiswahili cha kambi za askari na cha sokoni. Kila kitu "iko", na hiyo "na" moja yawatosha kwa jana, leo na kesho. Miezi mitano nimekuwa nikiwasahihisha. Shuleni mwalimu alikuwa akizisoma insha zangu mbele ya darasa, basi nikajiona nimeletwa kuifundisha Arua nzima ngeli. Lakini masikio yamezoea: nikisikia mtu "nakula", najua amekula. Kwa hiyo "nakwisha" nikaigeuza papo hapo kichwani, kwa ujuzi wangu wote. Amekwisha.

Na kwetu mtu akisemwa hivyo, wa kumwosha wanaitwa.

"Lini?" nikauliza.

"Jana, saa kumi. Watu yote ya Lobule nakuja. Wazee naomba Mungu, nachinja mbuzi. Mbuzi mbili!"

"Sasa yuko wapi?"

"Iko kule kule. Watu ya misheni naleta yeye leo na gari yao. Gari iko ndogo, ndiyo mimi naleta mzigo mbele."

"Inna lillahi," nikasema.

"Eh, Mungu iko mkubwa," akajibu Candia, ambaye ni Mkatoliki, akakimbilia lori lake.

Kwa nini sikumwita arudi? Kwa nini sikuuliza ilikuwaje? Nimejiuliza tangu jana. Nadhani ni kwa sababu huku, siku hizi, mtu huondoka asubuhi asirudi, na jirani zake wamejifunza kutouliza. Tangu tufike nilikuwa nalingoja neno hilo bila kujua kwamba nalingoja. Lilipokuja, lilikuta mahali pake pako tayari.

Sikulia.

Niliingiza begi ndani. Nilivua bangili zangu za arusi. Nikatafuta kitu cheupe, nikavaa gauni langu la sikukuu, nikajitanda shuka, nikafunika kioo kwa kanga, nikakaa mkekani kuanza eda. Nina miaka kumi na tisa. Halafu nikavichukua vile viatu. Kamba zilikuwa na mafundo yaliyokaukiwa na tope, nikaanza kuyafungua kwa kucha, moja moja. Nikawaza: mama yake ataambiwa na nani? Nikawaza: ule mchele niliouloweka utachacha. Mawazo yote mawili yalikuwa na uzito mmoja.

Adhuhuri akaja Mama Zaitun, mwenye nyumba wetu. Ni Mnubi wa hapa Awindiri, babu zake walikuja na jeshi kutoka Sudani. Kazi yake ni kusuka kawa za rangi za kufunikia chakula, na kunicheka. Ananiita Arusi tangu siku ya kwanza. Alikuwa ametoka sokoni na kikapu cha samaki mkavu.

"Arusi! Kwa nini wewe nakaa kama gunia ya chumvi? Iko nini?"

"Mume wangu amekwisha," nikasema.

Akaweka kikapu chini. Akapiga kigelegele.

"Nakwisha? Wallahi? Alhamdulillahi! Mimi nasema kila siku, hii kazi ya taabu, siku moja nakwisha, na wewe narudi kwa mama yako! Leo mimi napika kisra, wewe nakula mpaka tumbo nauma!"

Na akaanza kucheza. Mwanamke wa makamo yake, katikati ya msiba wangu, anazungusha mabega.

Nikamwambia, "Toka. Toka nyumbani kwangu, mchawi mkubwa wewe."

Nyumba ni yake. Na hapa mchawi si tusi la kurushiana kwa utani. Mtu akiitwa hivyo mbele za watu huenda akalazimika kuhama. Mama Zaitun alisimama kama aliyemwagiwa maji. Akanitazama mimi, akatazama kioo kilichofunikwa, hakuelewa. Kisha akatoka taratibu, kikapu akakisahau.

Hata hilo halikuniuma.

Saa kumi nikasikia gari la misheni na milango ikifungwa. Nikaliweka shuka langu sawa. Nikawa naupima upande wa kibla chumbani, nijue watakavyomlaza.

"Hodi! Au mke wangu ameshaolewa na mwingine?"

Na Salim akaingia kwa miguu yake mwenyewe, amevaa ndara za kuazima, ananuka dizeli na moshi wa kuni.

Mke mwingine angeanguka. Angepiga ukelele wa kusikika barabarani. Mimi nilimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekaa kwenye kiti ulichojua ni kitupu. Nikasema:

"Umeshakula?"

"Majuma matatu, Rukia! Majuma matatu nalala na mbu, ndiyo kwanza waniuliza kama nimekula?" Akacheka. "Na hizo nyeupe? Waenda Makka bila mimi?"

"Nguo zote zimelowa," nikasema.

Huo ndio uongo wa kwanza niliomwambia mume wangu.

Nikampa chai. Akanihadithia, mikono yote miwili hewani, jinsi maji yalivyoruka Jumatano alasiri, jinsi Lobule nzima ilivyokuja kwa miguu na kwa baiskeli, wazee wakaomba dua, mbuzi wakachinjwa. "Nikawaambia, sasa kazi imekwisha!" akasema.

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini polepole, kisigonge sahani.

Sikumwambia. Ningeanzaje? Kwamba nimefiwa na wewe tangu saa nne? Hilo ningeweza, angecheka, angelisimulia gereji nzima. Lakini lililobaki? Kwamba ulipoingia hai, sikufurahi?

Kisha akatoa habari yake ya pili. Kampuni inataka visima viwili zaidi, karibu na Koboko mjini. Miezi mitatu juu ya ile ya mkataba. Yeye atapanga chumba huko huko. Mimi nichague: nipande basi la Jumatatu nirudi kwa mama, au niende naye. Leo baada ya sala anapeleka telegramu Mombasa, na anataka jibu langu liwemo.

Zamani, maana yake juzi, nisingemwacha amalize swali. Jana nilisema, "Nitafikiri."

Niliuona uso wake. Hakutania tena mpaka alipolala. Anadhani nimemchoka, na mimi, nikijipekua, sikuona kitu cha kumwonyesha kwamba sivyo.

Asubuhi hii nimekwenda kwa Mama Zaitun. Alikuwa kibarazani anasuka. Hakuinua uso.

"Mchawi iko kazini," akasema. "Wewe nataka nini?"

Nikamweleza yote, tangu lori hadi kioo. Akasikiliza, sindano imesimama hewani. Halafu akacheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio wake, na alipoufunua mashavu yalikuwa yamelowa.

"Arusi. Mutu nakufa. Kazi nakwisha. Mutu hapana iko kazi! Wewe nasoma shule miaka ngapi?"

"Kumi na moja."

"Miaka kumi na moja, mwalimu hapana fundisha hii? Na kama bwana yako nakufa, mimi nacheza? Mimi nalia mpaka watu ya Dadamu kule mbali nasikia! Wewe naita mimi mchawi, kwa nyumba yangu, na samaki yangu iko mlangoni!"

Nikamwomba radhi kwa Kiswahili changu kizuri. Nadhani hicho ndicho kilichomchekesha zaidi. Akaniuliza tangu lini sijala, nikamwambia tangu jana asubuhi. Akaniwekea kisra, ile mikate yao myembamba kama karatasi, na mchuzi wa bamia, akakaa ananitazama nikila kama anayemtazama mgonjwa.

"Na yeye? Wewe naambia yeye?"

"Bado."

"Sasa yeye nafikiri nini?"

Niliendelea kula.

Tangu nirudi nimekaa hapa mlangoni nawaza. Nikipanda basi la Jumatatu, nitaondoka na ubaridi huu begini, na nikifika Mombasa nitauita busara. Nitakaa kwa mama kungoja barua, na kila atakayebisha hodi nitakuwa nimeshavaa nyeupe kabla hajafungua mdomo. Sitaki kuishi hivyo.

Nakwenda Koboko.

Siendi kwa kuwa nimejaa mapenzi kama yule wa kurasa za nyuma. Leo sinayo, nimeyatafuta kila mahali. Nakwenda kwa sababu yakirudi, nataka yanikute pale Salim alipo. Na uongo wa nguo kulowa nautoa leo leo, hata kama sijui nitamwambia kwa sura gani. Itakuwaje nikimwambia na uso huu huu, mkavu? Ataniamini?

Amerudi. Amenisalimu kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuuliza njia, akapita moja kwa moja uani kuoga. Namsikia. Kata inagonga pipa. Anajaribu kuimba, anaacha, anaanza tena. Maji yanamwagika.

Yanamwagika sana.

Maji hayo nimeyateka mimi alfajiri, madebe manne, kutoka bomba la kule bondeni, kichwani, kwenye utelezi. Nimemwambia mara ngapi debe moja latosha kuoga? Kata nyingine. Nyingine tena! Mtu ambaye kazi yake ni kutoboa mwamba siku kumi ili watu wapate tone la maji, mwenyewe anaoga kama kiboko wa Pakwach! Hata ya kutawadhia hatanibakizia. Hata ya kuoshea hicho kikombe chake cha jana!

Nimekasirika.

Nimekasirika kweli. Masikio yananiwaka, kalamu imetoboa karatasi. Yuko hai, mjinga huyu. Yuko hai, yuko uani kwangu, na anamaliza maji yangu yote.

Nakwenda kumgombeza. Ya jana nitamwambia baada ya hapo, na hata nikilia katikati, basi.