Asante Iliyokwenda Amerika

Zahanati ya Kijiji,
Nyacheki, Kisii.
23 Mei 2021

Mpendwa wifi yangu Linda,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe? Mumeo Osoro naye hajambo? Baridi ya huko Minnesota imewaachia, au bado mnavaa makoti mawili mawili? Sisi tu wazima. Kaka yako Makori analalamikia mgongo tangu tuanze kuchuma chai wenyewe bila vibarua. Ashley amerudi shuleni na ameanza kujibizana nami, kwa hiyo nadhani masomo yanamwingia. Mama anakusalimu. Mzee pia anakusalimu, lakini za mzee ni habari ndefu, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Nikikupigia, Mama husimama karibu, na nina maneno ambayo sitaki ayasikie. Wifi, nakuonea wivu. Nimeona heri niseme wazi, maana nikinyamaza nitakuja kukununia siku utakayofika, na wewe hutajua kosa lako.

Wivu huo ulianza na ile picha. Umesimama ndani ya duka kubwa, nyuma yako maziwa na mikate, kibandiko cha chanjo kifuani, umecheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Ukaandika kwamba kila mtu alichagua aina anayoitaka, na kwamba jioni dozi zilizobaki zilitupwa kwa sababu watu hawakutokea. Zikatupwa! Niliisoma nikiwa hapa zahanatini, kijisanduku chetu cha barafu miguuni, namsihi mtu wa bodaboda aniletee mzee mmoja tu zaidi. Karibu niitupe simu.

Huku utaratibu ni huu: chupa moja ni ya watu kumi, na ikishafunguliwa hailali. Kwa hiyo hatufungui mpaka wafike kumi. Siwezi kusema waliopanga hivyo ni wajinga, dawa yenyewe ni kidogo. Ila wao wanakaa mjini, ambako watu kumi unawapata kwenye ngazi za ofisi. Huku kwetu mzee anapanda mlima, anaketi, anaona wako watano, anakumbuka ng'ombe wake na kwenda zake. Anapofika wa sita, wa tano keshaondoka.

Ijumaa moja nilikuwa nimebahatika kupata tisa. Wengi wao ni Wasabato kama sisi, na kila mmoja alikuwa akiliangalia jua ili Sabato isimkute njiani. Hapo nikamwona Mzee anakuja polepole na Mama. Kifua chake unakijua, na wiki hiyohiyo tulikuwa tumemzika jirani yetu Nyangate mbiombio, bila wimbo wa maana, watu wa mavazi meupe wakitufukuza kaburini. Nikasema huyu ndiye wa kumi, na tena ndiye niliyekuwa nikimwombea.

Kisha nikakumbuka mimi ni nani kwake. Mzee alidhani atamkuta Mose, muuguzi mwenzangu. Kumbe Mose alichukuliwa akahudumie wagonjwa wa oksijeni mjini, na hakuna aliyeletwa kuziba nafasi yake. Nilikuwa peke yangu. Nawe chinsoni, miiko yetu ya heshima kati ya mkwe na mkamwana, umezaliwa nazo, hazihitaji maelezo yangu: tangu Makori anioe, babako hajawahi kunipa mkono wala kunitaja jina, na tukikutana kwenye njia ya shambani huyatazama majani ya chai mpaka nipite. Leo mke wa mwanawe amwambie avue koti, atoe bega? Aliponiona mlangoni na glavu, aligeuka akashika njia ya nyumbani.

Wale tisa wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema kwa sauti kwamba afadhali Mzee afe na heshima yake kuliko kudungwa na mkamwana, na wengine wawili wakaitikia. Linda, nilisimama pale dawa ninayo, sindano ninayo, na kazi naijua, nikashindwa hata kumwita arudi.

Ni Mama aliyemvuta koti. Alitaka tumwekee shuka la kitanda, yeye aketi upande wake, mimi upande wangu, atoe bega kwenye tundu. Mzee akasema, "Shuka la nini? Mkono wa kunidunga si ni wake tu?" Mama akafikiri kidogo, akaitoa simu, akakupigia wewe. "Basi Linda ndiye atakayekudunga," akamwambia. "Msikilize huyo. Mwingine hayupo hapa." Mzee akasema, "Kama ni Linda, sawa." Akarudi mwenyewe, akaketi upande wake wa shuka.

Unaikumbuka simu hiyo? Wewe ulidhani ni ya salamu. Ulimweleza habari za theluji, ukamuuliza kama anakunywa dawa zake za presha, mkacheka kuhusu yule jogoo wake mkorofi. Wakati mnacheka, mimi nilikuwa nyuma ya shuka la maua, nafuta kipande cha bega la babako kwa pamba, nazuia hata pumzi ili asinisikie. Nikadunga. Hakushtuka. Ukamsikia akisema, "Mbuya mono, Linda." Ukamjibu, "Karibu, tata," bila kujua anakushukuru kwa nini.

Asante hiyo ilikuwa yangu. Mkono wangu bado ulikuwa begani pake.

Tangu hapo kwenye kituo cha kuuzia chai habari ni moja: binti wa Mzee amemchanja kutoka Amerika. Wazee walioapa kwamba chanjo itawamaliza sasa wanashuka hapa zahanatini wakiuliza "dawa ya Linda". Kama muuguzi, nafurahi. Kama Phanice, natamani kuwafungia mlango. Na wakija nawarudisha, kwa sababu kijisanduku ni kitupu. Tuliahidiwa dozi ya pili baada ya wiki nane, sasa wanasema kumi na mbili, eti India wamezuia mzigo. Mzee ananiuliza kupitia kwa Ashley: mwambie mama yako amwulize Linda, dawa yangu inafika lini?

Ona basi. Hata ya kuuliza, aniulize mimi nikakuulize wewe!

Nisalimie Osoro sana. Emily wa kanisani anakusalimu, pia shangazi yako wa Mosocho, ambaye kiuno kimempa nafuu. Mungu awafunike wote katika ugonjwa huu, awarudishe tukiwa bado sote tupo mezani.

Sasa neno langu la mwisho, na ndilo nililoandikia yote haya. Dozi ya pili ikija, Mama atakupigia tena kutoka zahanatini. Nakuomba, wifi, usipokee. Iache ilie mpaka ikome. Nataka Mzee aketi upande wake wa shuka akijua ni nani yuko upande huu, na atoe bega hivyohivyo. Hata asiposema kitu.

Lakini ikilia mara ya pili, pokea upesi, umchekeshe kama siku ile. Ujue Mzee amesimama anataka kwenda, na ni mimi niliyemwambia Mama apige.

Wako akupendaye pamoja na wivu wake,
Phanice