Salama, Ila

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nikiisubiri yako nitakesha. Nisamehe kama mwandiko unakimbia. Tangu asubuhi situlii. Nimebandika chai nikaisahau mpaka sufuria ikaungua, kisha nikaufagia uwanja wa hapa nyumbani Rasbura ambao ulikuwa umekwishafagiliwa. Jumamosi nafanya tena ule mtihani wa Kiingereza, Dar. Kusoma nilifaulu, kusikiliza nilifaulu, kuzungumza pia. Kinachoniangusha kila mara ni barua, Baba. Mimi niliyekuwa karani wako!

Ni hivi. Hospitali moja ya ng'ambo imekubali kuniajiri kama mfamasia, kwa sharti kwamba nifaulu, na nikianguka safari hii nafasi wanampa mwingine. Katika mtihani unapewa habari za mgonjwa, nawe unamwandikia daktari barua ya rufaa: mgonjwa ana nini, anameza dawa gani, unaomba afanyiwe nini. Ukurasa mmoja tu. Wewe kwa ukurasa mmoja ulikuwa hujamaliza kuwasalimia majirani.

Unakumbuka kule Mtama, ukirudi shambani kwenye ufuta, unanawa, unakaa mkekani na kuniambia nilete kalamu? Barua zilikuwa za kumpelekea Baba Mkubwa kule Rondo, tukimpa dereva yeyote wa lori aliyekuwa akipanda huko. Siku moja nilitaka kufupisha, nikaandika moja kwa moja kwamba tunaomba magunia ya korosho. Ukaichana mbele yangu, ukasema mtu mzima havamiwi kama anayefuatwa na mgambo. Nikaanza upya: salamu zako, za mama, za jirani, kisha mvua, kisha mbuzi. Magunia yakaja chini kabisa, yamebanana na jina lako.

Hata mama alipolazwa uliniambia niandike, "Sote huku salama, ila mama watoto yupo hospitali." Nikakuuliza tu salama vipi wakati mama amelazwa. Hukukasirika. Ukasema, "Ukianza na ugonjwa, kaka yangu ataisoma amesimama. Mwache akae kwanza."

Basi nimeibeba adabu hiyo mpaka kwenye mtihani wa watu. Mwalimu anayenifundisha kwa mtandao, mama mmoja wa Mombasa, alinisomea kwa sauti barua yangu ya mazoezi. Nilikuwa nimemtakia daktari heri yeye na familia yake, nimemshukuru kwa kazi yake njema, nimemwarifu kuwa mgonjwa anaendelea vizuri, ila anatapika damu. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alipotulia akaniambia, "Mwanangu, daktari ndiye anayesoma amesimama. Hana kiti."

Nilikasirika. Si naye, nilikukasirikia wewe, na wala haikuwa kwa ajili ya mtihani. Ilikuwa kwa ajili ya simu yako ya mwisho. Nilikuwa kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, wateja wamejaa. Ukanisalimia, ukawaulizia wajukuu mmoja mmoja, ukanieleza habari za ufuta, ukanieleza jinsi upepo ulivyong'oa bati la jirani. Nikakuuliza, na wewe je, u hali gani? Ukasema, "Salama mwanangu, ila..." na vocha yako ikaisha.

Nilipokupigia hukupokea. Akapokea jirani, Mama Zainabu, akasema kifua kimekubana tangu alfajiri, jasho linakutoka, wanatafuta gari. Ulifia njiani ukiletwa kwangu. Ungeanza na kifua, ningekwambia wakukimbize hospitali na utafune aspirini ukiwa garini. Labda ingesaidia, labda isingesaidia, Mungu ndiye ajuaye. Ninachojua ni kwamba muda ule tuliutumia kwenye bati la mtu.

Juzi mwalimu akanipa zoezi jingine: niandike rufaa ya mgonjwa ninayemfahamu mimi mwenyewe. Nikakaa, nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Kisha Kiingereza kikatoka chenyewe, kikavu, bila salamu: "Daktari, nakuletea mzee mwenye maumivu makali ya kifua na jasho tangu alfajiri. Naomba umwone sasa hivi." Nikafuatisha umri wako, presha yako, na vile vidonge ulivyoviacha ukidai umeshapona. Mwalimu aliisoma, akasema hii inafaulu bila ubishi. Halafu akaniuliza mgonjwa aliendeleaje. Nikamwambia barua ilichelewa.

Tangu hapo ndipo sikai. Najua sasa namna ya kuiandika, na bado mkono unagoma, kwa sababu kila nikiiruka salamu naona kama nakupita barazani bila kukuamkia. Na kuna jambo jingine, ambalo hata mume wangu sijamwambia. Naogopa kufaulu. Nitaishi na watu wanaokuuliza shida yako kabla hujavuta pumzi, na pengine watawaponya wengi kwa namna hiyo, lakini hakuna atakayetaka kujua mvua ilinyeshaje kwetu. Hata hivyo nataka kufaulu, Baba. Nataka sana. Jumamosi mgonjwa wao nitamtanguliza mstari wa kwanza, na wewe utanivumilia.

Mama hajambo, wajukuu hawajambo, ufuta mwaka huu umekubali. Pumzika kwa amani, Mungu akurehemu. Nililolijia hasa ni hili: nimekukumbuka mno, na siku ya matokeo sijui nitampigia nani kwanza.

Ni mimi,
Binti yako wa mwisho