Koili ya Mama Mkwe

Kamanda, nimeharibu. Mimi, fundi mwenye diploma, nimepika mayai ya mama mkwe!

Si unaijua ile mashine yake ya kutotolea vifaranga? Koili ilikatika, nikajitolea kumwekea nyingine. Volti 240, ampea 2. Ukigawanya unapata omu 120, ukizidisha unapata wati 480. Hata wewe uliyekuwa unanakili kwangu chuoni hiyo unaiweza!

Kwenye oda ya koili nikaandika omu 12. Sifuri moja tu, Kamanda. Sifuri moja!

Koili ya omu 12 inavuta ampea 20. Hizo ni wati 4,800 ndani ya sanduku la mbao! Fyuzi ikakatika palepale, na mimi kwa ujuaji wangu nikafunga waya mnene mahali pake. Nikasema fyuzi za siku hizi takataka tu. Nilisema hivyo mbele ya mama mkwe!

Nikaenda kunywa chai. Kurudi, swichi ya joto imeyeyuka, kipimajoto kimepasuka.

Mayai sitini, yamebakiza siku mbili. Asubuhi vifaranga walikuwa wanalia ndani ya maganda, akatuita wote tusikie.

Hajanigombeza. Afadhali angenitukana! Anaokota yai mojamoja, anaweka sikioni. Sasa hivi amenipa moja: "Mkwe wangu, masikio yangu yamezeeka. Hebu nisikilizie wewe."

Nimeliweka sikioni. Kimya. Na yeye ananitazama mdomoni.

Nimwambie nini? Umesoma, tiki za bluu naziona. Sema neno basi, Kamanda.