Paa Limefunguliwa, Baba Luna

Mwaka umetimia, Rahamim Tadjer, tangu uteremke kwenye safari yetu bila kutuambia ni kituo gani. Asubuhi bado natenga vikombe viwili vya kahawa. Chako nakinywa mwenyewe baadaye, kikiwa kimepoa, maana hukupenda kitu kimwagwe.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikutegea vitendawili jikoni, na ukishindwa nakudai mji. Dereva wa treni hakosi miji.

“Haya, nakupa Pleven.”

“Pleven ulinipa juzi.”

“Basi chukua Mezdra, na kantini ya stesheni juu yake.”

Umeniacha tajiri wa miji, mume wangu, na sina wa kuitembelea naye.

Ulipostaafu ulihamia uani kwa sinagogi. Wengine waliingia kusali na kutoka, lakini wewe ulishinda huko nyuma, kwenye ukumbi wa chakula wa wazee, kati ya chekechea na chumba cha daktari. Ulipika supu ya maharage na kababu za liki, kile kitunguu cha majani marefu. Nani hakula mkononi mwako? Hata daktari alijifanya amekuja kupima watu presha, kumbe ananusa sufuria.

Na lile paa la ukumbi ndilo lilikuwa mtoto wako wa tatu. Mabawa mawili ya mbao, ukivuta mnyororo yanafunguka kama kitabu, ili Sikukuu ya Vibanda tule chini ya matete yaliyotandazwa juu, kama walivyokula wazee wetu jangwani. Kabla ya kuvuta ulipuliza filimbi yako ya reli, na watu wakafunika sahani kwa viganja, maana vumbi na majani ya mti wa jozi huanguka kwanza. Watoto wa chekechea uliwategea: “Nyumba yangu haifai mpaka nyota ziingie.” Wakajibu kwa pamoja kwamba ni ukumbi wa Babu Rahamim.

Lakini paa lilivuja. Mdogo wangu Sabetai, mwenyekiti wa baraza letu, alitaka lizibwe kwa zege.

“Shemeji, Bibi Rebeka anakula supu yenye matone.”

“Hajalalamika.”

“Haoni wala hasikii. Atalalamikia nini?”

“Zege likiingia, Sabetai, sikukuu tutakula wapi? Kwenye ghala lako la magodoro?”

Baraza likapitisha zege. Mkanuniana mezani kwangu mwaka mzima, mimi katikati kama simu ya mezani. “Mwambie mdogo wako anipe chumvi.” “Mwambie mumeo chumvi iko mbele ya pua yake.”

Sikukuu ya mwaka jana ilikuwa ya mwisho kabla ya mafundi kuja. Moyo wako ulikuwa umeshachoka, daktari akakukataza ngazi na baridi, ukaitikia, ukaenda. Siku ya tatu mvua ikamwagika kupitia matete. Watu wote wakakimbilia ndani ya sinagogi, na sheria ya dini yetu inaruhusu. Wewe ulibaki na bakuli lako. Sabetai akarudi na mwavuli, akaufungua juu ya kichwa chako.

“Ondoa hicho,” ulimwambia. “Ukiniwekea mwavuli umeniwekea paa. Bora nikale nyumbani.”

“Utakufa, shemeji.”

“Nitakufa nimeshiba. Kaa, supu inaongezeka.”

Nilikuwa mlangoni nimeshika koti lako. Nilimwona mdogo wangu akifunga mwavuli, akivuta kiti, akichukua kijiko. Mlilowa wote wawili kama kuku. Baada ya wiki tatu tulikuzika, na Sabetai alitupia udongo kwa koleo mpaka tukamnyang’anya.

Majira ya kuchipua yalifika. Kila siku nilipita uani kuangalia kama mafundi wamekuja, nikirudi nakueleza kana kwamba uko jikoni. Walikuja. Hawakuja na zege. Walileta mkanda wa bati, wakaupigilia kwenye bawa moja, pale mabawa yanapokutana, maji yasipenye, wakaondoka. Nikajua ni mkono wa Sabetai. Mimi nikampelekea bakuli la kababu za liki.

Mwezi uliopita, mchana wa mkesha wa sikukuu, wazee waliwahi kama kawaida yao. Sabetai akashika mnyororo. Hakuvuta. Ukumbi mzima ulikuwa umefunika sahani kwa viganja, hata Bibi Rebeka, wote wanangoja.

“Dada,” akaniambia, “bila filimbi hawatajua nimeanza.”

Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipuliza, na kwa meno haya ya bandia ikatoka sauti ya birika. Walicheka. Binti yetu Luna alicheka akalia. Ndipo mabawa yakafunguka, majani ya mti wa jozi yakatuangukia, na mbingu ikaingia.

Jioni nyota ya kwanza ilipoonekana kati ya matete, nilitega kwa sauti ndogo: “Amekwenda na bado tunamwekea kiti.” Jibu nalijua, ila kulitamka nimeshindwa. Safari hii anayetoa mji ni mimi. Nakupa mji wetu huu, Baba Luna, pamoja na paa lake lililo wazi.

Unakumbukwa na mkeo Bukitsa, binti zako Luna na Matilda, wajukuu Buko na Viki, shemeji yako Sabetai Panizhel, na wazee wote wa ukumbi. Kila filimbi itakapolia tutafunika sahani, na hatutakusahau.