Jina la Arobaini na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Ninakuandikia kukuomba jambo lililo kinyume na yote niliyokuambia mwaka huu: njoo ofisini kwetu wewe mwenyewe, upange foleni kama watu wengine. Sababu nitaieleza kabla sijafunga barua hii, ingawa ningependa kuikwepa.

Kwanza salamu zangu za heshima zikufikie wewe, shemeji na watoto. Je, goti limepoa? Mama alinieleza kwa simu kwamba ulishinda umeinama juu ya pampu ya jirani, na jioni hukuweza kunyooka. Mimi ni mzima wa mwili, ila uchovu umenizoea. Hata nikilala naota mihuri.

Huku mambo ni yale yale. Saa mbili asubuhi ukumbi umeshajaa, na feni yetu moja huzunguka inapojisikia. Utaratibu wa serikali unaujua: kila aliyeandikishwa kutafuta kazi afike kusaini mara moja kwa mwezi, ili mwajiri akileta nafasi tumpe majina ya watu walio tayari. Yupo mpishi mmoja mzee, aliyepunguzwa hotelini, ambaye hajawahi kukosa. Juzi nilimuuliza kama amepata chochote. Akanijibu kwamba kazi anayo, ya kuja kusaini, ila mwajiri wake ni mgumu, hampi hata likizo. Benchi zima lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikamgongea muhuri, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa.

Asiyefika miezi mitatu mfululizo, faili lake hufungwa. Kwenye fomu ya kufungia kuna nafasi ya sababu: amepata kazi, amehama, au hajulikani alipo. Mkuu wetu, ambaye kisogoni tunamwita Bwana Asilimia, alitufundisha kwamba wakubwa hawapendi kusikia watu hawajulikani walipo. Aliyeacha kutafuta bila shaka amepata. Basi nikawa naandika kwamba wamepata kazi. Katika robo ya kwanza nilifunga mafaili sitini na matatu kwa namna hiyo. Takwimu zangu zilisomwa mbele ya wageni kutoka wizarani, nikapigiwa makofi, na wiki iliyofuata nikathibitishwa kazini.

Sasa, Alhamisi iliyopita kiwanda cha mabomba kilituandikia kikitaka mafundi mitambo wanane wenye uzoefu wa miaka kumi na kuendelea. Kaka, wewe una miaka kumi na sita kwenye mashine za kiwanda cha nguo, mpaka siku walipofunga lango. Orodha itapelekwa Jumatatu saa sita mchana, na lazima itoke kwenye mafaili yaliyo hai. Wenzangu walipekua daftari. Mimi sikuwa na haja ya kupekua. Jina lako halimo, kwa sababu lilikuwa la arobaini na moja kati ya yale sitini na matatu.

Usidhani nilipitiwa. Nililiona. Kalamu ilisimama, nikajiambia nitalifungua baadaye, nikaandika kwamba umepata kazi. Na kila uliponiuliza kama kuna lolote nikakujibu uvute subira, ilhali nilijua hakuna wa kukuita.

Wala kutosaini hakukuwa kosa lako. Utakumbuka siku ile ya kwanza ulipokuja na ovaroli lako la grisi, ukaniita kwa lile jina la utotoni kutoka katikati ya foleni, kwamba Kasuku afanye haraka, wenye njaa wako huku nje. Watu walicheka, na Bwana Asilimia akainua macho. Jioni ile nilikuambia usijisumbue tena kupanga foleni, kwamba mimi niko ndani na mambo yako nitayasukuma mwenyewe. Ukaniamini, ukanishukuru. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mtu aliyenifundisha kusoma saa nilimwonea aibu mbele ya mtu anayehesabu asilimia.

Faili linaweza kufunguliwa ikiwa aliyelifunga ataandika kwamba alikosea, na mwenyewe awepo. Jana nilimpelekea mkuu maelezo yangu. Aliuliza kwa upole kama ni hilo moja. Nilimjibu kwamba ni yote sitini na matatu. Akavua miwani, akasema kijana msomi angepaswa kujua kwamba takwimu zikishasomwa wizarani hazirudi nyumbani, na kwamba faili moja angeweza kulifumbia macho, lakini kwa sitini na matatu nitafute dirisha la kusainia mimi pia. Akanipa siku mbili za kufikiri. Nimefikiri, na maelezo yangu siyaondoi. Mpishi yule angekuwa ameugua miezi mitatu tu, naye ningemwandika kwamba amepata kazi.

Ile barua yangu ya kuthibitishwa kazini, uliyoichongea fremu na kuitundika sebuleni, naomba uishushe. Mama nitamweleza mwenyewe. Wewe mpe salamu tu, na watoto uwabusu.

Njoo na vyeti vyako vyote na ovaroli ukipenda. Sitakuwa nyuma ya kioo. Nitakuwa nje, kwenye foleni, nimekushikia nafasi, na ukifika uniite kwa jina lile lile na kwa sauti ile ile. Ni Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa.

Mdogo wako,
Kasuku